Ulinzi wa Kijiji na Kazi ya Polisi: Habari za Kibaha na Kisarawe

Mtu akiibiwa mbuzi wake usiku, asubuhi huuliza maswali mawili: ni nani aliyemwiba, na polisi walikuwa wapi? Swali la kwanza ni haki yake. Swali la pili lataka kufikiriwa, maana huenda kituo cha polisi ki mbali mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu, na askari waliomo ni wachache, na usiku ni mrefu. Watu waliokuwa karibu na zizi lile ni jirani zake.

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza mpango uitwao Polisi Jamii, yaani mpango wa polisi na wenyeji kusaidiana kuzuia uovu kabla haujatendeka. Tutaeleza ulikotoka, namna unavyofanya kazi, na sababu za kuharibika kwake mahali pengine. Mifano yetu twaitwaa katika Kibaha na Kisarawe, wilaya za Mkoa wa Pwani. Lakini msomaji wa Songea au wa Bukoba ataona kwamba mengi yahusu kijiji chake pia.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Kibaha iko katika barabara kuu iendayo Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam, na ndiyo makao makuu ya mkoa. Kisarawe iko upande wa kusini-magharibi ya Dar es Salaam, juu ya vilima vilivyo karibu na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Na toka hapo wilaya yaendelea mbali hata Maneromango na Mzenga, penye mihogo, minazi na mikorosho. Reli tatu zapita katika wilaya hizi: reli ya kati ya zamani, reli ya TAZARA iendayo Zambia, na reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2024, yenye vituo Soga na Ruvu katika Wilaya ya Kibaha.

Barabara na reli ni baraka. Zaleta soko, shule na kazi. Walakini zaleta pia watu wengi wasiojuana. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Mkoa wa Pwani una watu karibu 1,100,000. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya 2,000,000. Maana yake ni hii: mzee aliyemjua kila mpitaji kwa jina la babu yake, leo apishana njiani na watu asiojua walikolala jana. Tena kitu kilichoibwa Kisarawe saa nane za usiku chaweza kuwa kimekwisha kuuzwa Dar es Salaam kabla ya jua kupanda. Mwivi hupenda mahali watu wasipojuana na njia iendayo mbali upesi, na hapa ayapata yote mawili. Ndiyo sababu ulinzi wa zamani, wa kumtambua mgeni kwa kumtazama tu, hautoshi tena.

ULINZI WA ZAMANI

Yafaa tujue kwamba polisi hawakuanza kama rafiki za wanakijiji. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1919, Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza, na makao makuu yake ya kwanza yalikuwa Lushoto. Askari wa siku zile alikuwa mtu wa serikali ya kigeni. Kazi yake ilikuwa kulinda amri za serikali hiyo, na mwanakijiji alimwona alipokuja kumshika asiyelipa kodi, au kumpeleka mtu barazani. Basi watu wakajifunza kukaa kimya mbele yake. Mambo ya wizi na ugomvi wakayapeleka kwa jumbe, au wakayamaliza wenyewe. Kimya kile hakikwisha siku ile bendera ya kigeni iliposhushwa mwaka 1961. Mazoea ya watu hudumu kuliko bendera.

Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, chama cha TANU kiliweka mashina ya nyumba kumi kumi, na kila shina likawa na balozi wake. Balozi alijua ni nani aliyelala katika kila nyumba, na mgeni alipofika alipelekwa kwake. Ulikuwa ulinzi mwepesi usio na gharama. Nchi ya Kenya nayo, baada ya watu wengi kuuawa katika duka kubwa la Westgate mjini Nairobi mwezi wa Septemba 2013, iliuazima mpango huu pamoja na jina lake, ukaitwa huko Nyumba Kumi. Lakini balozi ni mtu wa chama. Tangu vyama vingi viliporudishwa Tanzania mwaka 1992, si kila mtu anayeona kwamba balozi wa chama kimoja ni balozi wake, na kwa hiyo kazi ya kuwajua wakazi yampasa zaidi mwenyekiti wa kitongoji, ambaye huchaguliwa na watu wote.

Ulinzi mwingine ulizaliwa mbali na Pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora walichoka kuibiwa ng'ombe na kushambuliwa na wanyang'anyi wenye bunduki. Wakajikusanya kwa pinde na mishale, na yowe lilipopigwa lilipokewa kijiji hata kijiji, mpaka mwivi akakosa pa kukimbilia. Wakaitwa sungusungu, kwa jina la wale chungu weusi wauma kwa pamoja. Wizi ulipungua, serikali ikawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa nguvu ya kukamata watu.

Hatuna budi kusema habari yote. Baadhi ya sungusungu waliwapiga watu ili wakiri, na wengine waliwashika vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Kikundi kile kile kilichomwokoa mtu na mwivi leo, kesho kiliweza kumdhulumu asiye na kosa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwauliza, "Ushahidi uko wapi?" Hapo ndipo lilipoonekana jambo lililo moyo wa mazungumzo haya. Polisi peke yao hawaoni, maana hawakai kijijini. Wanakijiji peke yao waona, lakini hasira huwapofusha. Kila mmoja anacho kilichompungukia mwenzake.

POLISI JAMII NI NINI?

Mpango wa Polisi Jamii uliwekwa nchini mwaka 2006 na kuendelea, wakati Jeshi la Polisi lilipoongozwa na Inspekta Jenerali Said Mwema. Wazo lenyewe ni la kale. Mjini London, polisi walipoanzishwa mwaka 1829, walifundishwa kwamba kazi yao ya kwanza ni kuzuia uovu, na kwamba askari mzuri hupimwa kwa amani iliyopo mtaani kuliko kwa wingi wa watu aliowafunga. Askari hutoka katika watu, naye hawezi kazi pasipo ridhaa yao.

Kijijini mpango huu una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni serikali ya kijiji. Kila halmashauri ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama, na kazi yake ni kujua hatari zilizopo na kupanga ulinzi. Sehemu ya pili ni walinzi wenyewe, waitwao ulinzi shirikishi, yaani vijana na watu wazima wanaopokezana zamu za usiku. Sehemu ya tatu ni polisi. Katika miaka ya karibuni Jeshi limepeleka wakaguzi wa polisi katika kata, ili mtu asingoje mpaka aende kituo kikubwa mjini ndipo azungumze na ofisa. Mkaguzi wa kata yampasa kuhudhuria mikutano ya vijiji, kuzuru shule na nyumba za ibada, kuwafundisha walinzi mpaka wa kazi yao, na kusikiliza.

Walinzi wa zamu yafaa wawe watu wanaojulikana. Majina yao yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na orodha ipelekwe polisi. Kama fedha zachangwa kwa ajili ya tochi, makoti ya mvua au chai ya usiku, kiasi chake kikubaliwe mkutanoni na kila atoaye apewe stakabadhi. Mlinzi hana ruhusa ya kumtoza mtu faini, wala kumchapa, wala kumfungia chumbani. Mahali walinzi walipoachwa bila hesabu, watu waliishia kuwaogopa kuliko wevi, na mlango ulipogongwa usiku hakuna aliyejua kama ni mlinzi au mnyang'anyi.

NAMNA UOVU UNAVYOZUIWA

Watu wengi hudhani kwamba mwivi hazuiliki, kwa sababu moyo wa mtu haujulikani. Lakini tukiuchunguza wizi tutaona kwamba wataka mambo matatu yakutane mahali pamoja na wakati mmoja: mtu mwenye nia mbaya, kitu cha kutamanika, na kukosekana kwa mlinzi. Ukiliondoa moja, wizi haufanyiki. Nia ya mwivi ni vigumu kuiondoa kwa siku moja, lakini mambo mawili mengine yamo mikononi mwetu.

Tutwae mfano wa korosho. Mkulima wa Maneromango aziachapo nje ya nyumba akaenda msibani siku mbili, kitu cha kutamanika kipo na mlinzi hayupo. Akiziingiza ndani, akamwambia jirani, naye jirani akapita kuchungulia jioni na alfajiri, mwivi huona taabu. Au tutwae mfano wa pikipiki za abiria, bodaboda. Kijana apakiaye abiria asiyemjua usiku, kwenda mahali pasipo nyumba, yumo hatarini kunyang'anywa pikipiki na hata uhai. Madereva wa kijiwe kimoja wakiwa na daftari, na kila mmoja akawaambia wenziwe aenda wapi na atarudi saa ngapi, akichelewa hutafutwa mapema, na mwovu aliyewaona wakiandika hufikiri mara mbili. Daftari kama hilo lanunuliwa kwa fedha kidogo sana.

Kadhalika na majani marefu kando ya njia ipitwayo na wanafunzi, taa iliyozimika penye stendi, na nyumba isiyokwisha kujengwa ambayo wahuni hujificha humo. Kamati ya ulinzi yaweza kutembea kijiji chote mchana mmoja, ikaandika mahali pabaya, ikapanga siku ya kufyeka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na mwenye nyumba za kupangisha pale Maili Moja au Mlandizi, akiandika jina la mpangaji wake na kumpeleka kwa mwenyekiti ili ajulikane, ameufanya ule ule ulinzi wa nyumba kumi bila ya kuuliza mtu chama chake. Lakini mgeni apokewe kwa wema. Wengi katika wageni hao wamekuja kutafuta riziki kama babu zetu walivyofanya, na mgeni akaribishwaye ndiye atakayepiga yowe siku mwenyeji atakapoibiwa.

HABARI NA SIRI

Katika yote, kitu ambacho polisi wakihitaji zaidi ni habari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yamtaka mtu ajuaye kwamba kosa limetendeka, au lakusudiwa kutendeka, kutoa habari polisi. Yafaa tutofautishe habari na uvumi. "Fulani ni mwivi, kila mtu ajua," huo ni uvumi, nao waweza kumwangamiza asiye na kosa. "Jana saa nne za usiku niliona watu watatu wakipakia mabati katika gari jeupe nyuma ya shule, na namba ya gari ni hii," hiyo ni habari. Mtoa habari aseme alichokiona kwa macho yake, na saa, na mahali, na idadi ya watu. Asichokijua asikitie nyongeza.

Mbona basi watu huona wakanyamaza? Wanyamaza kwa kuogopa, na hofu yao ina sababu. Watu wa Pwani hawahitaji kuambiwa. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, zilizo upande wa mashariki na kusini wa Kisarawe, zilipatwa na mauaji ya kutisha. Mwezi wa Januari 2015 kituo cha polisi cha Ikwiriri kilishambuliwa, askari wawili wakauawa na silaha zikachukuliwa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule kituo cha Stakishari, Ukonga, katika njia ielekeayo Pugu, kilivamiwa, wakauawa askari wanne na raia watatu. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliviziwa garini wilayani Kibiti wakauawa. Na katika miezi ile wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na viongozi wa chama walipigwa risasi mmoja mmoja majumbani mwao na njiani, mara nyingi na watu waliokuja kwa pikipiki. Makumi ya watu walikufa. Wauaji walijua wafanyalo: walikuwa wakiyang'oa macho na masikio ya vijiji, ili mtu yeyote asithubutu kusema.

Hofu ilikuja pia kutoka upande wa pili. Katika msako uliofuata, jamaa walilalamika hadharani kwamba ndugu zao walichukuliwa wasijulikane waliko. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka huko Kibiti mwezi wa Novemba 2017, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Twayataja haya kwa sababu hayawezekani kufichwa, na kwa sababu yana fundisho. Mwanakijiji aliyekaa katikati ya mwuaji asiyemjua na askari asiyemwamini hufunga mlango na kinywa chake. Kijiji kilichofunga kinywa ndicho shamba zuri la mhalifu.

Kwa hiyo siri ya mtoa habari ni deni la polisi. Askari akimtaja mtoa habari mbele ya mshitakiwa, au akamfuata nyumbani kwake mchana kwa gari la polisi, amemtia hatarini, na kata nzima itamkumbuka askari huyo kwa miaka mingi. Bunge lilitunga mwaka 2015 Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Lakini sheria ya kwenye kitabu humfaa mtu ikiwa tu askari wa kata yake aishika. Mkaguzi mwenye busara huwaendea watu wote mkutanoni, husalimiana na wengi, hutoa namba yake ya simu kwa wote, asijulikane ni nani aliyempigia. Ikiwa hatari ni ya saa ile ile, mtu yeyote aweza kupiga namba 112.

MTUHUMIWA AKIKAMATWA

Sasa twafika mahali penye majaribu makubwa kuliko yote. Yowe limepigwa, "Mwivi! Mwivi!" Watu wametoka na fimbo na mawe, na kijana mmoja amekamatwa. Afanyweje?

Sheria yampa mtu asiye askari ruhusa ya kumkamata yule atendaye mbele ya macho yake makosa fulani yaliyotajwa na sheria. Lakini sheria hiyo hiyo yamtaka amkabidhi aliyekamatwa kwa askari, au ampeleke kituo kilicho karibu, pasipo kukawia bila sababu. Ruhusa yake yaishia hapo. Katiba ya Tanzania yasema kwamba mtu asitendewe kama mwenye hatia kabla hatia yake haijathibitishwa, na kila mtu ana haki ya kuishi. Wale wampigao mtu mpaka afe, au wanaoleta tairi na mafuta ya taa, wameua. Na wakiwa wameua kwa kusudi moja, sheria haiulizi sana ni jiwe la nani lililomwangusha. Adhabu ya kuua kwa kukusudia katika Tanzania ni kunyongwa. Hata hivyo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake, kimehesabu mamia ya watu waliouawa namna hii nchini katika mwaka mmoja.

Wengine husema, "Tukimpeleka polisi, kesho twamwona mtaani." Neno hili lina uchungu, na lastahili jibu. Mtu aliyekamatwa bila hati hufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 iwezekanapo, au hupewa dhamana ikiwa kosa lake si zito. Dhamana maana yake ni ahadi ya kurudi kujibu mashitaka, na kesi yaendelea. Mara nyingi mshitakiwa huachiliwa kabisa kwa sababu walalamikaji hawakufika kutoa ushahidi, au kwa sababu mali iliyoshikwa iligawanywa na watu papo hapo. Na ikiwa aliachiliwa kwa rushwa, njia ya kushitaki hilo ipo: TAKUKURU yapokea malalamiko kwa namba 113, wala haitozi kitu. Fimbo za usiku haziponyi ugonjwa wa rushwa.

Tena tufikiri faida. Mwivi aliyeuawa hawezi kumtaja mnunuzi wa mali za wizi, wala mwenziwe aliyesimama na gari barabarani, wala yule wa kijijini aliyewaonyesha nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliye nguoni mara nyingi ndiye apigaye mawe kwa nguvu zaidi, ili siri ife pamoja na mtu. Mwivi aliye hai ni mlango wa kuwafikia wote hao. Na ikiwa kijana yule hakuwa mwivi, ila mpita njia aliyekimbia kwa kuogopa kelele, kijiji kimejipaka damu isiyofutika. Walinzi wenye akili humzunguka mtuhumiwa, wakamfunga mikono bila kumtesa, wakaita mwenyekiti na polisi, wakaandika majina ya walioona.

MAMBO YA KITUONI

Wengi huogopa kituo kwa sababu hawajui desturi zake. Mtu apelekaye shauri huandikiwa habari yake katika kitabu cha taarifa, naye hupewa namba, iitwayo RB. Aitunze, maana kwa hiyo atafuatia shauri lake. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 kwenda nayo hospitali, na daktari huandika humo aliyoyaona. Fomu hiyo baadaye ni ushahidi. RB, PF3 na dhamana ya polisi haviuzwi. Aombwaye fedha kwa ajili yake anayo haki ya kukataa na kumwendea mkuu wa kituo.

Makosa mengine hutendeka ndani ya nyumba, ambako mlinzi wa zamu hafiki: mke apigwaye, binti anajisiwaye na jamaa, mtoto achomwaye kwa moto. Kwa ajili ya hayo Jeshi la Polisi limeweka Madawati ya Jinsia na Watoto, ambayo ni zaidi ya 400 nchini, yenye askari waliofunzwa kusikiliza mambo haya faraghani. Mtoto, au mtu mzima kwa niaba yake, aweza pia kupiga namba 116 bila malipo. Sisi walimu twajua kwamba mtoto aliyeumizwa nyumbani huonekana kwanza darasani: aliyekuwa mchangamfu huwa mkimya, aliyekuwa wa kwanza kufika huchelewa. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akiwaambia neno la namna hii, msilifanye siri ya kucheza. Mwambieni mwalimu mnayemwamini, na asipowasikiliza, mwambieni mwingine. Kesi nyingi za namna hii hufa kwa sababu wazee wa pande mbili hukutana wakamaliza kwa fedha au mbuzi. Hayo si mapatano, maana mwenye jeraha hakuulizwa.

MAPATANO YA PANDE MBILI

Basi tukiyatazama yote, Polisi Jamii ni mapatano. Wenyeji huleta macho yao, habari za kweli, ushahidi mahakamani, na mtuhumiwa aliye hai. Polisi huleta upesi wa kuitika, siri isiyovuja, mikono isiyopokea rushwa, na kumtendea kila mtu kwa sheria. Upande mmoja ukivunja, wa pili huona haki ya kuvunja vilevile. Askari akimtaja mtoa habari, kijiji hunyamaza. Kijiji kikimwua mtuhumiwa, askari huja na pingu za wanakijiji. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na moto huu huzimika upesi kuliko unavyowashwa.

Msomaji aweza kuanza na jambo dogo juma hili. Ajue jina la mkaguzi wa polisi wa kata yake, na la mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya kijiji chake. Aulize katika mkutano ujao walinzi wa zamu ni akina nani, na fedha zao zahesabiwa na nani. Awaendee jirani wa nyumba tatu zilizo karibu naye, pamoja na ile ya mgeni aliyehamia mwezi uliopita, wapatane mtu akipiga yowe usiku ni nani atatoka kwanza, ni nani atapiga simu, na ni nani atasimama kati ya mtuhumiwa na mawe. Huyo wa tatu achaguliwe mapema, mchana, watu wakiwa wametulia. Maana usiku wa yowe hakuna ajitoleaye kwa kazi hiyo.